Kisa cha mdogo wangu na visa ya kumfuata mumewe Uingereza: tulivyokwama kwa pauni 154

Mdogo wangu kanipa ruhusa niandike hiki kisa ila majina tusiweke, kwa hiyo yeye nitamuita mdogo wangu tu na mumewe nitamuita shemeji, maana ndo ninavyomuita kila siku. Mi nina steshenari huku Mwenge, natoa fotokopi, naskani, najaza fomu za onlaini za ajira na pasipoti na mikopo ya chuo, na watu wa visa wananijia sana tu. Makaratasi ya huyu binti yote yalipita mikononi mwangu, moja moja, na maombi yakakataliwa. Ndo maana naandika kwa urefu, sitaki mtu mwingine alipie kosa ambalo sisi tumeshalilipia.

Nianze na watu wenyewe. Shemeji ni mtoto wa Temeke, yuko Uingereza miaka mingi na sasa ana ukaazi wa kudumu, pasipoti yake bado ya Tanzania kwa sababu sisi uraia pacha hatuna na yeye hajataka kuuacha wa kwao. Kaajiriwa kwenye ghala Coventry kwa mshahara wa mwaka, pauni 30,000, yaani pauni 2,500 kila mwezi kabla ya makato. Aliwahi kuoa hukohuko wakaachana mahakamani, na hati ya talaka anayo. Hilo nalitaja kusudi, maana nimeona wanaume walioacha wake zao kule kwa talaka ya mdomo tu au mbele ya shehe, wanakuja kuoa huku wakijua wako huru, kumbe talaka ya hivyo iliyotolewa ndani ya Uingereza sheria ya kule haiitambui, kwao jamaa bado ana mke. Shemeji hapo alikua salama.

Mdogo wangu kamaliza kidato cha nne, ana cherehani zake mbili Sinza anashona sare za shule na magauni. Walifahamiana 2021 shemeji alipokuja kwenye msiba wa baba yake, wakaendelea kuongea kwa simu, akarudi 2022 akaleta posa, na ndoa ikafungwa Februari 2024, mwezi wa Shaaban, ile haraka ya kuwahi kabla ya mfungo ambayo kila mtu wa pwani anaijua.

Sasa hapa kwenye ndoa ndo pa kuangalia vizuri. Shemeji alikua amebakiwa na wiki moja tu ya likizo yenye malipo. Akaomba na wiki mbili nyingine bila malipo, siku 10 za kazi. Kiukweli yeye alitaka siku 8, mbili za mwisho tulizilazimisha sisi, mama alisema haiwezekani mkwe aondoke bila kwenda Tanga kumsalimia bibi, na bibi kaishiwa nguvu za kusafiri, kwa hiyo shemeji akampigia bosi wake akaongezewa siku mbili tukapanda basi. Bibi alifurahi mpaka akalia. Ile safari siijutii hata leo, ila ziwekeni akilini hizo siku mbili.

Shemeji akarudi Coventry, huku tukaanza kukusanya. Na kama familia nyingi tulidhani kazi kubwa ni kuthibitisha kwamba hawa watu wanapendana. Tukachapisha picha. Za posa, za kesha la ngoma, za ndoa, za walima, za Tanga na bibi, nadhani zilifika 60 na kitu. Stakabadhi za hela alizokua anamtumia kila mwezi. Afu zile meseji za WhatsApp, hizo zilinichosha kuliko vyote, miaka mitatu ya kuongea kila siku, na kitu chochote cha Kiswahili lazima kitafsiriwe Kiingereza na mtafsiri aandike jina lake, saini, tarehe na mawasiliano yake na athibitishe kuwa tafsiri ni sahihi. Utatafsiri nini sasa kwenye kurasa elfu? Meseji zao nyingi ni "umekula?" "nimekula, we?" "huku baridi" "pole mpenzi, vaa ile sweta". Mwisho nikachagua kama mbili tatu kwa kila miezi mitatu, zile ambazo wanaongelea jambo, siku mama kaumwa, siku ya kupanga mahari, siku shemeji kapata nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili kamtumia picha ya jiko, na yeye anajibu "cherehani yangu itakaa hapo dirishani". Hiyo moja tu, nadhani, ilisema kuliko picha 60.

Katikati ya hiyo mishemishe ndo nikagundua cheti cha ndoa kina kosa. Nilikua nimekiweka sambamba na pasipoti kwenye skana, nikaona jina la mdogo wangu kwenye pasipoti lina herufi moja ambayo kwenye cheti haipo. Herufi moja! Sisi Waswahili jina moja tunaliandika njia tatu na hakuna anayejali, ila mtu anayesoma faili lako akiwa Uingereza hakujui, anaona majina mawili. Ilikua katikati ya Machi. Ikabidi kurudi kwa shehe aliyefungisha, kitabu kifunguliwe, wenyewe wote mfungo, ofisi zinafungwa mapema, mvua za masika nazo zimeanza, halafu baada ya hapo RITA, wakala wa serikali wa usajili, kwa ajili ya cheti kilichonyooka. Mpaka tunakishika mkononi ni mwisho wa Aprili.

Na hapo ndo tulipopigwa mara ya kwanza bila kujua. Zamani, toka 2012, mtu aliyeko Uingereza akitaka kumleta mke au mume alitakiwa awe na kipato kisichopungua pauni 18,600 kwa mwaka. Desemba 2023 serikali yao ikatangaza kwamba kitapanda, na tarehe 11 Aprili 2024 kikapanda kweli mpaka pauni 29,000. Wiki hiyohiyo ya Idi. Sisi tunapika pilau, mlango unafungwa. Walipanga kupandisha zaidi mpaka 38,700, hiyo baadae wakaisimamisha, ila 29,000 ikabaki.

Tulijua kwamba kuna sheria mpya inakuja. Shemeji alisema "mimi napata 30,000, haituhusu". Na mimi nikakubali, maana hesabu ya kawaida inasema 30 ni kubwa kuliko 29. Ila kuna kitu sikukijua ambacho sasa hivi namwambia kila mtu anayekaa kwenye kiti changu pale dukani: kwenye hizi visa tarehe ya maombi ni siku unayolipia onlaini. Siku ya kwenda kutoa alama za vidole haihesabiki, wala siku karatasi zinapokamilika. Unajaza fomu, unalipia, tarehe imeshika, na nyaraka unapakia baadae kabla ya kwenda kwenye alama za vidole. Kwa hiyo tulikua na uwezo wa kulipia hata tarehe 9 Aprili tukiwa kwenye sheria ya zamani, huku tunaendelea kuhangaika na herufi yetu, na hata kama cheti kingechelewa tungeweka kiapo cha majina kwa wakili pamoja na kitambulisho cha NIDA tukaeleza. Tulisubiri faili likamilike ndo tulipie. Tukalipia tarehe 21 Mei 2024. Siku 40 baada ya mlango kufungwa.

Tuliyelipia kupitia kwake ni jamaa mmoja mjini Posta, ofisi ghorofani, anajiita mshauri wa visa. Alichukua laki 8 yake. Nilimpelekea faili nililolipanga mwenyewe kwa vigawanyo vya rangi, akalifungua, akazitazama picha za harusi muda mrefu akisifia, slipu za mshahara akazipitisha kama anahesabu noti. Akasema faili hili limenyooka. Ada ya visa wakati huo ilikua pauni 1,846, na juu yake ile hela ya huduma ya afya ambayo ilikua pauni 1,035 kwa mwaka, kwa visa ya miezi 33 wanakuhesabia miaka mitatu, pauni 3,105. Jumla pauni 4,951. Kwa hela yetu ni milioni 16 na kitu. Shemeji alikopa sehemu.

Tukasubiri. Juni, Julai, Agosti, mdogo wangu kaacha kupokea oda kubwa za sare kwa kuogopa ataondoka katikati, Septemba, Oktoba. Novemba ikaja barua.

Niliisoma mimi, dukani, wateja wamejaa, yeye kasimama upande wa pili wa meza. Uhusiano wenu tunaukubali kuwa ni wa kweli: mstari mmoja. Mstari mmoja tu, kwa picha 60 na safari ya Tanga na usiku wote ule wa kuchagua meseji. Mtihani wa Kiingereza sawa. Cheti cha kupima kifua kikuu sawa. Makazi sawa. Kipato, hapana.

Sasa niichambue hiyo hapana, maana ndo roho ya kisa.

Mtu aliyeajiriwa kwa mshahara wa mwaka anapimwa kwa njia mbili, wenyewe wanaziita Kundi A na Kundi B. Kundi A ni la mtu aliye na mwajiri huyohuyo kwa miezi 6 au zaidi. Unaleta slipu za miezi 6 kabla ya tarehe ya maombi, stetimenti za benki zinazoonyesha mshahara uleule ukiingia, na barua ya mwajiri. Watu wengi wanadhani wanachukua wastani, au wanasoma barua ya mwajiri inayosema 30,000 basi yameisha. Hawafanyi hivyo. Wanatafuta mwezi ulio chini kuliko yote kwenye ile 6 na huo ndo wanauhesabu kama mshahara wako. Mwezi mmoja mbovu unaharibu mitano mizuri.

Slipu ya shemeji ya Februari 2024 ilikua pauni 1,346. Siku 10 bila malipo, kila siku pauni 115 na senti, zimekatwa pauni 1,154 kutoka kwenye 2,500. Zidisha 1,346 mara 12 unapata pauni 16,152. Kwa Kundi A shemeji ni mtu wa pauni 16,152 kwa mwaka.

Kundi B linamsaidia mtu ambaye kaingia kazini karibuni au miezi 6 yake haijanyooka. Hapo wanaangalia vitu viwili kwa pamoja: mshahara wako siku ya maombi ufike 29,000, na jumla ya ulichopata kweli ndani ya miezi 12 iliyopita nayo ifike 29,000. Cha kwanza shemeji anacho. Cha pili chukua kalamu: miezi 11 mara 2,500 ni 27,500, ongeza 1,346, unapata pauni 28,846.

Zimepungua pauni 154.

Sasa rudi kwenye zile siku mbili za Tanga. Angechukua siku 8 kama alivyotaka mwenyewe, angekatwa pauni 923, jumla ya mwaka ingekua pauni 29,077 na Kundi B angepita. Nilipiga hiyo hesabu mara tatu kwenye kalkuleta ya dukani na sikumwambia mama mpaka leo, naomba na nyie wa ukoo mnaosoma msimwambie. Yule bibi tumemzika mwaka huohuo. Hakuna anayestahili kubebeshwa hilo, kwa sababu hakuna aliyetuambia kwamba likizo ya kuja kuoa inaweza kumnyima mtu kuishi na aliyemuoa.

Ila mimi najibebesha kitu kimoja. Ile slipu ya Februari niliiskani mwenyewe. Nakumbuka kabisa, karatasi ilikua imekunjwa kona ya chini, nikaibonyeza na kiganja ili kioo kisilete kivuli, na ule mstari wa makato niliuona, umeandikwa likizo isiyo na malipo kwa Kiingereza kizuri tu ambacho naweza kukisoma. Nikahakikisha imetoka safi, nikaipa namba, nikaenda kwenye inayofuata. Nilikua naangalia kama inasomeka. Sikuisoma.

Watu walianza kuleta mawazo, nayataja kwa sababu ni yaleyale kila familia inayaleta. Mjomba wetu wa Mbagala ana mabasi mawili, akasema basi mimi ndo nitakua sponsa, nitaandika barua. Haifanyi kazi, kwa maombi ya kawaida ya mke au mume kipato cha kazi kinachohesabika ni cha yule aliyeko Uingereza. Kipato cha mdogo wangu cha ushonaji nacho hakihesabiki, hata angekua anaingiza milioni 10 kwa mwezi hapa Dar, kwa sababu wanataka hela ambayo itaendelea kuwepo akishahamia. Akiba ndo inahesabika, ya yeyote kati ya wawili, ila pauni 16,000 za kwanza hawazigusi kwenye hesabu na kinachozidi wanakigawa kwa 2.5, kwa hiyo mtu asiye na mshahara kabisa anatakiwa awe na pauni 88,500 zilizokaa benki miezi 6. Shemeji alikua na 4,000.

Mwingine akasema wangeenda tu na visa ya mchumba. Ipo, ya miezi 6, unaenda unafungia ndoa kule, ila kipimo cha kipato ni kilekile, huruhusiwi kufanya kazi hiyo miezi yote, na ukishaoa unalipa tena kuomba upya ukiwa ndani. Mwingine, ombi la wapenzi wasiooana. Hiyo kule ni lazima muwe kwenye uhusiano unaofanana na ndoa angalau miaka miwili. Nilivutiwa nikaitafakari kwa sababu hata sheria yetu ya ndoa ya 1971 kifungu cha 160 kinasema mwanaume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili na watu wakawachukulia kama mke na mume, kuna dhana kwamba wameoana, mpaka mtu athibitishe vingine. Ila hawa wawili kabla ya Februari 2024 walikua wachumba wa kwenye simu, kila mmoja kwao, kisheria huko wala huku isingesimama. Na haingeponya slipu ya Februari.

Halafu kuna jirani yetu akaleta mfano wa mtu wa Tabata ambaye mkewe alienda kama mhudumu wa wazee akaambiwa hawezi kumleta mume. Hiyo ni barabara nyingine kabisa. Wahudumu walioomba viza hiyo kuanzia tarehe 11 Machi 2024 hawaruhusiwi kuleta mwenza wala watoto, na wanafunzi nao toka Januari 2024 wamezuiwa isipokua wachache hasa wa utafiti. Mwenye ukaazi wa kudumu au uraia yuko kwenye sheria tofauti, msichanganye, nimeona watu wanavunjika moyo kwa habari ambayo haiwahusu na wengine wanajipa moyo kwa habari isiyowahusu vilevile.

Kukata rufaa tulikua na siku 28. Shemeji akaenda kwa wakili wa uhamiaji kulekule Coventry, wa kusajiliwa, akalipia ushauri wa saa moja. Huyo mama alisoma barua ya kukataliwa afu akasoma slipu, katika mpangilio huo, dakika kumi hazikufika. Akasema uamuzi ni sahihi kwa sheria yao, rufaa itachukua muda mrefu na nafasi ni ndogo, kwa nini msiombe upya, mbona sasa hivi mnapita? Kuanzia Machi mpaka Oktoba slipu zote 2,500. Yaani toka mwanzo wa Septemba 2024 mdogo wangu alikua anakidhi vigezo vyote, Machi mpaka Agosti miezi 6 misafi, wakati sisi tumekaa tunasubiri jibu la faili lililokua limekufa toka siku tulipolilipia. Tulichelewa siku 40 kwa sheria ya zamani, tukawahi miezi mitatu na kidogo kwa sheria mpya. Tarehe 21 Mei ilikua karibu siku mbaya kuliko zote za mwaka ule, na tuliichagua kwa sababu ndo siku hela ya mkopo wa shemeji ilipotoka.

Hela ya afya walirudisha, pauni 3,105 zote. Ada 1,846 haikurudi, hiyo ni kama milioni 6. Nilimpigia jamaa wa Posta, akaniambia visa ni bahati. Nilikata simu kwa sababu niliogopa nitakachosema. Mtu kachukua laki 8 za fundi cherehani, kafungua slipu yenye 1,346 katikati ya slipu za 2,500, halafu anaongelea bahati.

Maombi ya pili tulilipia tarehe 3 Desemba 2024, na safari hii tulianza na kalenda. Nilichora kwenye karatasi ya A3 mstari wa miezi, katikati nikaweka siku ya kulipia, nikarudi nyuma. Slipu sita, Juni mpaka Novemba, moja moja nikailinganisha na stetimenti, kiasi kinachoingia benki kiwe kilekile cha chini kwenye slipu mpaka senti. Nyaraka za kipato zisiwe na pengo, na ya mwisho iwe ya ndani ya siku 28 kabla ya kulipia, barua ya mwajiri nayo mpya, itaje cheo, mshahara, ameanza lini, ameajiriwa kwa aina gani, na mshahara huo anaupata toka lini. Mara ya kwanza mwajiri alituandikia barua ya mistari mitatu, shemeji akairudisha ikaandikwa upya.

Cheti cha kifua kikuu cha mwanzo kilikua cha Aprili, kinadumu miezi 6, kwa hiyo kilishakufa Oktoba, akapigwa eksirei upya. Tanzania tumo kwenye orodha ya wanaotakiwa kupima, na lazima iwe kliniki waliyoiidhinisha wao, majibu ya hospitali nyingine hata iwe kubwa vipi hayapokelewi. Kiingereza hakikuhitaji kurudiwa, kile cheti cha A1, yaani ngazi ya chini kabisa, kinadumu miaka miwili. Hapo kwenye Kiingereza nako watu wanateleza, mtu anasema mi nimesoma sekondari yote kwa Kiingereza na Tanzania tunakitumia mahakamani. Kwao Tanzania haimo kwenye nchi zinazosamehewa. Mwenye digrii iliyofundishwa kwa Kiingereza anaweza kuitumia ila lazima ipitie Ecctis, taasisi ya kule inayopima vyeti vya nje, wathibitishe, na asiye na digrii anafanya mtihani, kusikiliza na kuongea tu, na ni mfupi. Mdogo wangu aliuogopa wiki nzima, akatoka anacheka, kaulizwa anapenda chakula gani na kazini kwake kukoje.

Picha safari hii tulipeleka 14. Za kuhesabika, kila moja na tarehe na mahali. Ya bibi ilikuwemo. Na shemeji aliandika barua ya ukurasa mmoja akieleza yote, kwamba maombi ya kwanza yalikataliwa kwa sababu hii, Februari nilikua kwenye ndoa yangu, nilichukua siku 10 bila malipo, toka Machi hakuna tena. Kuficha kukataliwa ni kosa kubwa kuliko kukataliwa, fomu inauliza na wao rekodi wanazo.

Jibu lilikuja Aprili 2025. Alikua kwenye cherehani, meseji ikaingia ya kwenda kuchukua pasipoti, haisemi ndio wala hapana, unaambiwa tu ukachukue. Tulienda wawili. Bahasha akaifungua ngazini, sio nje, ngazini palepale watu wanapita, akafika kwenye ukurasa wenye ile stika akakaa kimya akanipa mimi nisome. Nikasoma jina lake. Herufi zote zilikuwepo.

Kaondoka Mei, Terminal 3, na cherehani moja ndogo kwenye begi la nguo, ile nyingine kamuachia binti aliyekua anamfundisha. Mama alitaka kumuongezea dagaa na unga wa muhogo, mizani ikakataa, akatoa viatu akaweka unga.

Visa yake ni ya miezi 33. Kabla haijaisha wanaomba ya kuongeza na kipato kinapimwa tena, tofauti ni kwamba akishakua kule anaruhusiwa kufanya kazi na mshahara wake nao unaingia kwenye hesabu. Ameshaanza kazi ya kurekebisha nguo kwenye duka moja, na slipu zake ananitumia picha kila mwisho wa mwezi, sijamwomba, ananitumia tu. Mi nazisoma. Zote, mpaka mstari wa chini.

Juzi shemeji kapiga simu, mdogo wake anaoa Temeke mwezi wa 12 na wote wawili wanakuja. Kabla hata sijauliza kasema, "Dada, siku 9 na zote za malipo, nimemwambia bosi aniandikie." Nikamwambia Tanga mwaka huu tutaenda wenyewe, yeye abaki Dar apumzike.